Umeme Haufungui Mkono Peke Yake

Katika makundi ya WhatsApp ya hapa Mwanza, yale ya vikoba, ya misiba na ya wazazi wa shule, kuna tangazo linalozunguka kwa sura nyingi: kimashine cha kutosha kiganjani, nyaya mbili, pedi nne za kunata, na ahadi kwamba aliyepooza mkono kwa kiharusi atafungua vidole akikitumia dakika chache kila siku. Sambamba nalo husambazwa video kutoka nje, mgonjwa aliyepandikizwa kifaa cha umeme kifuani akiinua kikombe kwa mkono uliokuwa umelala kwa miaka. Watu wanaviweka vitu hivi viwili pamoja na kuamini kwamba dawa ya mkono uliopooza imepatikana, kilichobaki ni pesa. Upande wa pili wapo wanaosema, na baadhi yao ni wahudumu wa afya, kwamba huo wote ni utapeli na mgonjwa afanye mazoezi tu. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni lilelile, kwa sababu zote zinaizungumzia mashine kana kwamba ndiyo inayotakiwa kutibu. Umeme ni msaada wa kweli kwa mikono ya baadhi ya wagonjwa wa kiharusi. Nguvu yake lakini huonekana pale unapofungamana na jitihada ya mgonjwa mwenyewe, kwa saa nyingi, chini ya jicho la mtu anayejua. Kwa hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa, kabla ya kuulizana nani anauza mashine, tungeulizana kwanza nani anazisimamia hizo saa.

Nianze na mkono wenyewe, maana hapo ndipo tangazo linapowapotosha watu. Kiharusi hutokea ubongoni. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka, sehemu ya ubongo imekosa damu na imekufa. Misuli ya mkono haikuguswa, na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi vidoleni nayo ni mizima. Kilichoharibika ni njia ya amri inayotoka juu. Ndiyo maana ukibandika pedi mbili upande wa nyuma wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, ukapitisha mapigo madogo ya umeme, kama 30 hadi 50 kwa sekunde, mshipa wa fahamu unasisimka, misuli inayonyoosha kifundo na vidole inakaza, na kiganja kilichofumba kwa miezi kinafunguka mbele ya familia nzima. Anayeona jambo hilo mara ya kwanza huwa na machozi, na sina ujasiri wa kumlaumu. Lakini kilichothibitishwa hapo ni kwamba misuli na mishipa ya mkono iko hai, jambo ambalo daktari alikuwa analijua tangu mwanzo. Mtu aliyekatwa na panga mkononi hadi mshipa wa fahamu ukatengana, mapigo hayohayo hayamfungui kidole, kwa sababu huyo amekatika njia ya chini. Wa kiharusi ameumia juu, na juu huko pedi ya mkononi haifiki moja kwa moja. Zima mashine, na misuli ya kukunja, ambayo baada ya kiharusi huwa imekakamaa na kuishinda ile ya kunyoosha, inakifumba kiganja tena.

Sasa kama umeme haufiki ubongoni, unasaidiaje? Jibu lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1961 daktari Wladimir Liberson na wenzake, huko Marekani, walichapisha maelezo ya kifaa cha wagonjwa wa kiharusi ambao unyayo wao huburuzika wakitembea. Kifaa kilikuwa na swichi chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, umeme unapita na unyayo unanyanyuka. Kisigino kikigusa chini, umeme unakatika. Umeme ulikuja wakati uleule mtu anapotaka kupiga hatua, na Liberson aliona kwamba baadhi yao, hata baada ya kuvua kifaa, waliweza kuunyanyua unyayo wenyewe kwa muda. Tangu siku hiyo wazo zima la tiba hii limesimama juu ya kukutanisha mambo mawili kwa wakati mmoja: mgonjwa anakusudia kufanya tendo, na kiungo kinalifanya. Ubongo unapotuma amri hafifu na papo hapo ukapokea habari kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo kwamba tendo limetokea, njia zilizobaki hai hupata nafasi ya kuimarika. Kinachozunguka kwenye matangazo yetu mara nyingi hata si kifaa cha aina hiyo. Vingi ni vile vimashine vya kutuliza maumivu ya mgongo na magoti, vinavyowasha ngozi kwa mapigo ya haraka yasiyokusudiwa kuinua kifundo cha mkono. Mnunuzi akisikia mwasho anaamini tiba imeanza.

Ushahidi wa kitabibu unasema nini? Nitaje majaribio mawili, kwa sababu ukiyasoma kwa pamoja yanakataza ushabiki wa upande wowote. Yote yalichapishwa mwaka 2016 na yote ni ya Marekani. La kwanza lilikuwa na wagonjwa 122 ambao kiharusi chao hakikuzidi miezi 6. Waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa umeme unaofungua mkono kwa zamu, unawaka na kuzimika wenyewe, wa pili walipewa unaowaka pale tu kifaa kinaponusa dalili ya mgonjwa kujaribu kukaza msuli, wa tatu walipewa umeme mdogo wa kusikika kwenye ngozi tu, usiosogeza kidole. Walitibiwa mara mbili kwa siku, siku za kazi, wiki 8. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na hakuna lililolizidi jingine. Mpinzani wa umeme akifika hapo hufunga kitabu. Asifunge. Hapakuwa na kundi lililonyimwa kila kitu, na wagonjwa walikuwa katika miezi ileile ambayo mwili hujirudi wenyewe kwa kasi, kwa hiyo jaribio hili halisemi kwamba umeme ni bure. Linasema kwamba kuufungua mkono kwa nguvu ya mashine, peke yake, hakukuongeza kitu kinachoonekana juu ya mambo mengine yaliyokuwa yakiendelea. Kwa anayeuza kimashine kwa kuonyesha video ya kiganja kinachofunguka, hiyo ni habari nzito kweli.

Jaribio la pili lilifanyika Cleveland, katika jimbo la Ohio, chini ya mtafiti Jayme Knutson, na wagonjwa 80 waliokuwa wamepita miezi 6 tangu kiharusi. Nusu walipewa ule umeme wa zamu. Nusu nyingine walivaa glavu yenye vihisio kwenye mkono mzima, yaani ule usiopooza. Wakiufungua mkono mzima kidogo, umeme unaufungua ule mgonjwa kidogo, wakiufungua sana, nao unafunguka sana. Mkono mzima ukawa usukani wa mkono mgonjwa, na mwenye kushika usukani ni mgonjwa mwenyewe. Walijitibu nyumbani mara 10 kwa wiki kwa wiki 12, na katika muda huo walihudhuria vipindi 20 vya mazoezi ya kazi za mikono pamoja na mtaalamu. Kipimo kilikuwa sanduku lenye ukuta katikati na vibao vya mraba vya sentimita 2.5: unahamisha vingapi kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya sekunde 60. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, kundi la glavu lilikuwa limeongeza vibao 4.6 kwa wastani, na kundi la umeme wa zamu 1.8. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao mkono haukuwa umepooza kabisa na kiharusi hakikuzidi miaka miwili. Vibao vitatu zaidi kwa dakika si muujiza, lakini kwa mtu ambaye hakuwa akiweza kuhamisha kitu, ni kushika mfuniko wa chupa. Na tofauti hiyo haikutokana na umeme kuwa mkali. Wote walipewa umeme wa kufungua mkono, isipokuwa kundi moja liliuongoza na jingine likaupokea.

Kile kifaa cha kifuani kinachozunguka kwenye video nacho kinastahili kuelezwa vizuri. Kinapandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake unakwenda shingoni kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Jaribio lake kuu lilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2021, wagonjwa 108 katika vituo 19 vya Uingereza na Marekani, na mwaka huohuo mamlaka ya Marekani ikakiidhinisha. Watu wanachokiona ni kifaa, lakini sehemu kubwa ya jaribio ilikuwa mazoezi. Mgonjwa alikuja kliniki mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, kila kipindi akirudia matendo ya mkono zaidi ya mara 300, na mtaalamu aliyekaa mbele yake akibonyeza kitufe kila tendo linapofanyika, umeme upite nusu sekunde. Wote 108 walipasuliwa na kuwekewa kifaa. Kwa nusu yao kilibaki kimezimwa wakati wa mazoezi. Kwa kipimo cha mkono chenye alama 66, waliowashiwa waliongeza alama 5.0 na waliozimiwa waliongeza 2.4. Umeme ulifanya kazi, sitalipinga hilo. Lakini hao waliozimiwa, wengine wakiwa na miaka tangu waugue, walipata alama zao kwa kurudia matendo mbele ya mtaalamu. Sehemu hiyo ya tiba haihitaji kisu wala kontena kutoka ng'ambo, nasi bado hatujaweza kuwapa wagonjwa wetu wengi.

Hoja nzito kuliko zote ya wanaoutetea umeme ni hii, nami naikubali. Kuna njia ya mazoezi iliyothibitishwa vizuri, ya kuufunga mkono mzima ili mgonjwa alazimike kuutumia ule dhaifu. Jaribio lake kubwa la mwaka 2006 lilikuwa na wagonjwa 222. Lakini ili uingie humo sharti uwe tayari unaweza kuinua kifundo, dole gumba na angalau vidole viwili kwa nyuzi 10 hivi. Asiyeweza hata hizo anabaki nje ya mlango, na wa namna hiyo ni wengi mno. Kumwambia mtu ambaye vidole vyake havitikisiki “fanya mazoezi” ni kumwambia apige makasia bila kasia. Huyo ndiye umeme unamfaa kuliko wote, kwa sababu unampa tendo la kuanzia. Anaukusudia mkono ufunguke, mashine inamalizia, anaweka kopo kiganjani, anakusudia kulishika, anaachia. Umeme ukitumika mapema kwenye misuli ya bega husaidia pia kulizuia lisiteremke kutoka mahali pake. Bega lililoteremka lina maumivu yanayomfanya mgonjwa akatae hata kuguswa, na linazidi kuharibika ndugu wanapomvuta mkono kumvalisha shati. Kwa hiyo mhudumu anayemwambia mgonjwa wa aina hii kwamba umeme ni utapeli anamfungia mlango pekee uliobaki wazi.

Upande wa pili hoja nzito ni ya mgawanyo wa fedha na watu. Wanasema: idara za fiziotherapia zina watu wachache, tiba kwa vitendo, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi za kila siku, ndiyo adimu zaidi, tusipoteze kidogo tulicho nacho kwa mashine, tuwafundishe ndugu wawe walimu wa mazoezi nyumbani. Ni hoja inayovutia, hasa kwetu ambako mgonjwa hakosi binti, mkwe au mjukuu wa kukaa naye. Lakini imejaribiwa kwa uzito nchini India, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Ndugu walianza kufundishwa mgonjwa akiwa bado hospitalini, na mafunzo yakaendelea nyumbani hadi miezi miwili. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi la waliofundishwa, na asilimia 47 katika kundi lisilofundishwa. Ilinichukua muda kulikubali hilo, kwa sababu nami nilikuwa muumini wa njia hiyo. Ninavyolisoma sasa, halisemi kwamba ndugu hawana maana, na wala jaribio hilo halikupima vidole. Linasema kwamba mafunzo mafupi kwa ndugu, peke yake, hayabebi uzito wa miezi mingi. Ndugu anahitaji mtu wa kumrudia, wa kumwambia leo punguza hiki, ongeza kile. Kwa hiyo hata ukiiacha mashine kabisa, swali linabaki palepale: nani anasimamia?

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni kwamba mashine inamfanyia mgonjwa mazoezi kwa niaba yake, na kwamba ikiongezwa makali mkono utafunguka haraka. Mama yangu mdogo aliuza dagaa Mwaloni Kirumba zaidi ya miaka 20 kabla kiharusi hakijauchukua mkono wake wa kulia. Tulimchangia, tukanunua mashine kwa muuzaji wa mtaani, na kila jioni akabandikwa pedi akiwa kwenye kochi anaangalia tamthilia. Vidole vilinyooka mashine ikiwaka, vikajikunja ikizimwa, miezi sita, mpaka kucha zikaanza kuchimba kiganja. Siku tulipompeleka kwa mtaalamu, dada yule hakuitupa mashine yetu. Alimwamkia, akahamisha pedi kama upana wa vidole viwili, akamshikisha kopo la plastiki, kisha akamwambia, “Mama, shika kopo. Ikianza kuvuta nawe fungua, usiiachie peke yake. Ikikatika, bana.” Baada ya dakika kumi mama alikuwa na jasho usoni, na alisema tangu augue hajawahi kuusikia mkono ukichoka. Leo hawezi kufunga kitenge kwa mkono ule. Anaweza kukandamiza fungu la mchicha wakati wa kushoto unakata, na mkono ule unanawika vizuri, ukucha haumchimbi tena.

Kuchoka kule kunaeleza pia kwa nini makali hayasaidii. Tunapoamrisha mkono wenyewe, mwili huamsha nyuzi za misuli kwa zamu, hizi zikichoka zile zinashika. Umeme unaamsha rundo lilelile kwa pamoja, mapigo baada ya mapigo, na rundo hilo huchoka upesi. Ndiyo maana mtaalamu hupanga sekunde kadhaa za kuvuta, kisha mapumziko ya muda huo au zaidi, na ndiyo maana anayeiacha iendelee bila kituo kwa nusu saa anaishia na msuli uliochoka na ubongo ambao haukushiriki. Kwa mgonjwa aliyepoteza hisia za ngozi, makali yanaweza hata kumuunguza bila yeye kujua. Mwenye kifaa cha kuendeshea mapigo ya moyo asiiguse kabisa bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kifafa, kidonda au saratani mahali pa kubandika, au damu iliyoganda kwenye mshipa wa mkono huo, aulize kwanza. Pedi isibandikwe mbele ya shingo, hata kama tangazo linaonyesha hivyo.

Kuna dai jingine dhaifu linalotoka upande wa wapinzani, nalo nimelisikia kwenye mabenchi ya kusubiria: kwamba baada ya miezi 6 ubongo umefunga hesabu, usijisumbue. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi mitatu ya mwanzo, na kila wiki inayopotea hapo ni ya thamani. Huku kwetu wiki hizo hupotea kwa sababu inayojulikana. Mtu akianguka bafuni asubuhi, mdomo ukaenda upande, wengi bado husema karushiwa kitu, na safari ya kwanza inakuwa kwa mganga. Lakini hao wagonjwa 80 wa Cleveland wote walikuwa wamepita miezi 6, na wale 108 wa kifaa cha kifuani walikuwa kati ya miezi 9 na miaka 10 tangu waugue. Waliongeza. Anayemwambia mgonjwa wa mwaka mmoja kwamba amechelewa anamnyang'anya kitu ambacho ushahidi haujamnyang'anya.

Wagonjwa hawa nao si wachache. Utafiti mkubwa uliofanyika nchini kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na karibu 109 wilayani Hai. Dar es Salaam ilikuwa juu kuliko viwango vingi vya nchi tajiri, na presha isiyotibiwa ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mwanza ni jiji linalokua kwa mtindo uleule wa chumvi, msongo na presha isiyopimwa. Tuna jambo letu la ziada, kwamba Kanda ya Ziwa ina sikoseli nyingi, na sikoseli huwapa kiharusi watoto. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza imekuwa ikifanya utafiti wa dawa ya haidroksiyurea kuwakinga watoto hao. Mtoto wa miaka 7 aliyepooza mkono ana miaka 50 au 60 ya kuishi nao.

Umbali ndio unaoipa mashine maana tofauti kabisa na ile ya matangazo. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita aliacha kusubiri kivuko ili afike Bugando, na ambulensi inayobeba mtu mwenye kiharusi cha saa moja ilipata neema kubwa. Lakini utengamao wa mkono, yaani kuurudisha kwenye kazi zake, hauhitaji safari moja ya haraka. Unahitaji dozi ndogo, mara nyingi, kwa wiki nyingi. Daraja halimwezeshi mtu wa Sengerema kuja Mwanza mara 10 kwa wiki, na mtu wa Ukara, ambaye huvuka maji kwenda Ukerewe kisha kuvuka tena kuja Mwanza, hawezi hata mara moja kwa wiki bila kuuza kitu. Kwa watu hawa kifaa cha betri kinachokaa nyumbani ni jambo la maana sana, mradi kiwe ni kifaa sahihi na kiwe na ratiba. Angalia tena mpango wa Cleveland: vipindi 120 vya nyumbani, vipindi 20 vya mtaalamu. Kila saa moja ya mtaalamu ilikuwa inaongoza saa nyingi za mgonjwa. Huko ndiko umeme unakoweza kutufaa, kuurefusha mkono wa mtaalamu mmoja ufike kisiwani. Ukimwondoa huyo mtaalamu, kinachobaki ni kochi na tamthilia.

Kwa hiyo ningependa kuona hospitali za wilaya za pwani hii, Nansio, Sengerema, Magu, Misungwi, zikiwa na mashine za kuazimisha badala ya familia kuchangishana kununua. Mgonjwa mmoja akipewa kwa wiki 12, mashine moja inahudumia watu wanne kwa mwaka, na mashine kumi zinahudumia arobaini. Aondoke nayo ikiwa imewekwa mapigo na muda na mtaalamu aliyeuona mkono wake, pedi zikiwa zimechorewa mahali pake juu ya ngozi kwa kalamu, na daftari la kuandika alichokifanya: kopo mara ngapi, vizibo vya soda mara ngapi, karanga alizomenya, nyavu alizojaribu kushona kama ni fundi wa nyavu. Simu moja kwa wiki, kufika kituoni mara moja kwa mwezi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na kadiri vifurushi vyake vinavyotekelezwa, wanaopanga malipo wasikubali kulipia mashine peke yake. Walipie vipindi, na mashine iwe ndani ya vipindi. Bima ikilipia kifaa bila saa za mtaalamu, stoo za hospitali zitajaa vifaa na vidole vitabaki vimekunjwa.

Na kama fedha ya mashine haipo mwaka huu, kuna kitu cha kuanzia ambacho hakisubiri bajeti. Lile sanduku la Cleveland ni ubao tu, ukuta katikati, na vibao 150 vya sentimita 2.5. Fundi seremala yeyote wa Mabatini analitengeneza kwa siku moja. Likikaa kwenye idara ya fiziotherapia ya kila wilaya, na kila mgonjwa wa kiharusi akahesabiwa vibao vyake siku anayotoka wodini, baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, kwa mara ya kwanza tutajua mikono ya watu wetu inarudi kiasi gani, ya nani inakwama, na ni nani hasa wa kupewa mashine ya kwanza itakapofika.